Buku, Mbuku na Simbilisi: Kuwatambua Wagugunaji Wafugwao na Majina Yao, kwa Mifano ya Kitui na Makueni

Mwanafunzi aliyekulia Kitui au Makueni anapokutana kwa mara ya kwanza na neno buku katika kamusi ya Kiswahili, fasili anayoisoma humshangaza. Kamusi inamweleza kwamba buku ni panya mkubwa. Ilhali nyumbani kwao, kwa Kikamba, mbuku ni sungura, naye panya ana jina lake lililo mbali kabisa na hilo: mbia. Maneno haya mawili, buku na mbuku, yanakaribiana mno kwa sauti, na wanyama wenyewe wote ni wadogo, wana manyoya, na hupenda kutafuna. Si ajabu basi kwamba katika insha na katika tafsiri za ngano za Wakamba, sungura mjanja hugeuzwa panya, au panya wa ghalani akapewa sifa za sungura.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kuwatofautisha wanyama wadogo wafugwao ambao kwa kawaida huitwa kwa jumla "panya", pamoja na jamaa zao wa porini wanaopatikana Ukambani. Suala hili laweza kuonekana kuwa ni la walimu wa sayansi. Hata hivyo, asiyejua mnyama anayetajwa hawezi kumtafsiri, na kosa la jina, kama itakavyoonyeshwa, limewahi kuwa sehemu ya mkasa mkubwa kuliko kupoteza alama katika mtihani.

Meno kwanza

Wagugunaji ni kundi la wanyama linalotambulishwa na meno yake ya mbele: jozi moja juu na jozi moja chini. Meno haya hayakomi kukua maisha yote ya mnyama, na ndiyo sababu hana budi kuguguna kila wakati ili ayapunguze. Upande wake wa mbele una ganda gumu ambalo kwa wengi wao lina rangi ya manjano au ya machungwa. Upande wa nyuma ni laini zaidi, kwa hiyo huliwa upesi na jino likabaki na makali kama ya patasi. Panya, kindi, nungunungu, fuko, ndezi na buku wote wamo katika kundi hili.

Sungura hamo. Hili huwashangaza wengi, maadamu yeye pia hutafuna na meno yake hukua bila kukoma. Lakini ukimfunua mdomo wa juu utaona kwamba nyuma ya yale meno mawili makubwa kuna mengine mawili madogo yaliyojificha. Kwa sababu ya tofauti hii na nyinginezo, wataalamu walimtenga sungura na wagugunaji mnamo mwaka 1912, wakampa oda yake mwenyewe. Kwa hiyo Mkamba anayemtenga mbuku na mbia, na Mswahili anayemtenga sungura na panya, wote wamo upande wa sayansi. Anayekosea ni yule anayewachanganya kwa kufuata mlio wa neno.

Ndani ya neno sungura lenyewe mna mtego mwingine, na huu ni wa wanafasihi hasa. Sungura anayefugwa katika vizimba, yule wa vyama vya 4-K shuleni, asili yake ni Ulaya. Sungura wa ngano zetu ni wa porini, na hao wawili hawafanani kwa tabia. Wa kizimbani huzaa watoto walio uchi na vipofu, na jamii yake huko ilikotoka huishi katika mashimo. Wa porini huzaa watoto walio na manyoya tayari na macho yaliyo wazi. Wala hachimbi shimo, bali hulala katika kidimbwi kifupi cha majani na kutegemea mbio. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Wakamba mwaka 1966. Kabla yake Gerhard Lindblom wa Sweden alikuwa amechapisha ngano za wanyama za Wakamba mwaka 1928. Msomaji wa leo anayeziendea ngano za aina hiyo huku akiwa na picha ya sungura mweupe wa kizimbani hukosa jambo la msingi. Mhusika asiye na shimo la kukimbilia hana silaha ila miguu na akili, na ujanja wake una mantiki katika maumbile yake.

Mkia, mashavu na vidole

Tukirudi kwa wagugunaji wafugwao, kipimo cha haraka kuliko vyote ni mkia.

Simbilisi hana mkia unaoonekana. Ni mnene, ana miguu mifupi, na hana shingo ya kutajika. Ana vidole vinne katika kila mguu wa mbele na vitatu katika kila mguu wa nyuma. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako alifugwa kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Mashariki mwa Kongo, hasa Kivu, bado hufugwa kwa ajili ya kitoweo. Mimba yake huchukua takribani miezi miwili, muda mrefu kwa mnyama wa kimo chake, na watoto huzaliwa na manyoya, macho yao yakiwa wazi, tayari kutafuna majani. Mfugaji sharti ajue pia kwamba mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama vile wetu usivyoweza; akinyimwa majani mabichi huugua. Anayemwita "panya wa kizungu" na kumlisha nafaka kavu tupu, kama alivyozoea kuona panya wakila, atamuua polepole. Hapa jina baya lina gharama.

Vyombo vya habari vinapoandika kwamba wananchi wamefanywa "panya wa majaribio", mara nyingi Kiingereza kilichotafsiriwa kilimtaja simbilisi. Tafsiri hiyo haina ubaya, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili anamjua panya na huenda hajawahi kumwona simbilisi. Mtafsiri ajue tu kwamba amebadilisha mnyama, na afanye hivyo kwa kukusudia.

Hamsta ana mkia, ila ni kijinundu kifupi tu. Alama yake kuu ni vifuko vya mashavuni anamobebea chakula, hata kichwa kikaonekana kipana kuliko mwili. Hamsta wa dhahabu, anayefugwa zaidi, asili yake ni Syria. Wengi wa wafugwao duniani wametokana na familia moja iliyochimbuliwa karibu na Aleppo mwaka 1930. Mimba yake ni ya siku 16 hivi. Jebili, kwa upande wake, ana mkia mrefu wenye manyoya hadi ncha, na miguu ya nyuma iliyo mirefu kuliko ya mbele. Wafugwao ng'ambo hutoka Mongolia, lakini nchi kavu za mashariki mwa Kenya zina jamaa zake wa asili. Mkaazi wa Mwingi au Kibwezi anayemwona usiku panya mwenye kishada mkiani akiruka njiani hana haja ya kwenda Mongolia.

Panya wenyewe wana mkia mrefu usio na manyoya ya kutosha kuficha magamba yake. Kiswahili hakina maneno mawili tofauti ya panya mkubwa na mdogo wa nyumbani. Husema panya na kipanya, na unyambuaji huo wa udogo umezaa matunda, kwani leo kipanya ni kifaa cha tarakilishi na huko Dar es Salaam ni gari dogo la abiria. Lakini kipanya wa nyumbani si mtoto wa panya. Mtoto wa panya hujulikana kwa kichwa na nyayo zilizo kubwa kupita mwili wake. Kipanya aliyekomaa ana nyayo ndogo na masikio makubwa. Panya mweusi wa darini ana mkia unaoupita mwili wake kwa urefu, ilhali panya wa bandarini na wa mitaro, ambaye ndiye asili ya panya weupe wa maabara, mkia wake ni mfupi kuliko mwili.

Mkulima wa Makueni anayehifadhi mahindi na ndengu (Pwani huziita pojo au chooko) anamjua zaidi panya wa shambani. Huyu kwa sura ni wa kawaida, lakini ukimpata jike utastaajabu: chuchu zake hupangana kifuani hadi tumboni, na huweza kufika 24. Idadi hiyo inaeleza jinsi ghala linavyoweza kujaa panya msimu mmoja baada ya mvua nzuri. Hawa si wa kufugwa na watoto. Panya wa porini na wa mashambani hubeba magonjwa kadhaa ya binadamu.

Buku

Buku halisi ni mkubwa kweli. Huweza kuzidi uzito wa kilo moja, mkia wake ni mrefu na sehemu ya mwisho ni nyeupe kana kwamba imechovywa chokaa. Kama hamsta, ana vifuko vya mashavuni, ingawa hao wawili hawafanani kwa lingine lolote. Hupenda nchi yenye unyevunyevu kuliko nyanda kavu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitui asiyewahi kumwona ana udhuru. Ni vyema akumbuke pia kwamba mitaani Tanzania buku ni shilingi elfu moja. Muktadha ndio utakaomwambia kama analipwa au anaumwa.

Mnyama huyu ana sifa duniani kwa sababu ya Morogoro. Shirika la APOPO, lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafunza buku kunusa baruti ya mabomu yaliyozikwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Ni wazito kuliko panya wengine lakini wepesi mno kulipua bomu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Alifariki mwaka 2022.

Mwaka 2003 ulikuwa na habari nyingine. Shehena ya wanyama wadogo kutoka Ghana iliingizwa Marekani kwa biashara ya wanyama wa kufuga nyumbani. Ndani yake mlikuwa na buku, kindi na panya-miti. Waliwekwa karibu na wagugunaji wengine wa Kimarekani, wakawaambukiza mpox, ugonjwa uliojulikana zamani kama ndui ya nyani, na hao wakawaambukiza watu walionunua. Wagonjwa 47 waliorodheshwa katika majimbo sita. Hakuna aliyekufa, lakini Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa wagugunaji kutoka Afrika. Wachunguzi walilazimika kujua ni mnyama gani hasa aliyekuwa katika kizimba gani, na yupi aliuzwa kwa nani. "Panya wa Afrika" lisingekuwa jibu.

Wanaosingiziwa, na fuko

Wapo wanaoitwa panya bila hatia. Kirukanjia, mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali, hula wadudu, na meno yake hayafanani hata kidogo na ya mgugunaji. Pimbi, ambaye katika Biblia ya Kiswahili huitwa wibari, hupenda majabali, na Kitui haina uhaba wa majabali. Nzambani ni mfano tu. Kwa umbo anafanana na simbilisi aliyekua kupita kiasi, na mkanganyiko huo umeingia hata katika mazungumzo ya wasomi. Tazama vidole: vya pimbi vina kucha bapa zinazofanana na kwato, na wataalamu wanakubaliana kwamba ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva.

Fuko ndiye anayewatia watafsiri katika shida kubwa zaidi, na shida hiyo imeanzia Makueni. Chini ya ardhi kavu ya Mtito Andei huishi fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana na meno yaliyotokeza nje ya midomo ili achimbe bila kumeza udongo. Kutoka huko walichukuliwa wanyama waliofugwa katika maabara za ng'ambo. Jennifer Jarvis alionyesha mwaka 1981 kwamba huishi kama nyuki: malkia mmoja huzaa na wengine humtumikia. Baadaye ilibainika kwamba wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30, ilhali kipanya wa uzito unaokaribiana nao haishi zaidi ya mitatu au minne, na kwamba saratani ni nadra sana kwao. Watafiti wa uzee na wa saratani wanawafuga kwa mamia.

Wanapoandikwa kwa Kiswahili, huitwa "panya uchi", "panya asiye na nywele", au "panya fuko". Jina la kwanza linawapeleka kwa jamaa wasio wao, kwani kiuainishaji wako karibu zaidi na nungunungu na simbilisi kuliko na panya wa darini. Fuko limo katika Kiswahili tangu zamani na linatosha. Kinachohitajika ni kivumishi tu. "Fuko uchi" lingefaa. Lakini kabla ya kamati yoyote kuketi kuliidhinisha, ingekuwa busara mtu aende Mtito Andei akawaulize wakulima ambao majembe yao hufukua mashimo hayo kila msimu, nao wamekuwa wakimwita mnyama huyo kwa jina muda mrefu kabla ya maabara kumjua.