Somo la Ufundi: Kufunga Ndoano Nyuma ya Tela

Viongozi wa vikundi, tafadhali wekeni tayari vitu hivi: ufito ulionyooka wenye urefu wa meta moja na nusu, kigogo cha kuuegemeza, jiwe la kiasi, kopo la maji na kamba. Tutavitumia punde.

Leo tutazame jambo linaloulizwa sana na wenye matrekta. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge ana trekta na tela la magurudumu mawili. Siku za kukausha majani, kuni nyingi zinatakiwa kwenye mabani, na maji vilevile. Basi anamwendea fundi, anamwambia, “Nichomelee ndoano nyuma ya tela langu, nifunge na gari la maji, nimalize kwa safari moja.” Je, fundi akubali? Kabla ya kujibu, yatupasa kujua mzigo wa mkiani unafanya nini.

Watu wa Tabora wamelijua jambo hili zamani sana. Kabla reli haijafika mjini hapa mwaka 1912, bidhaa za kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji zilipita Tabora mabegani mwa wapagazi, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Mwenye kubeba mzega, yaani mti begani wenye mzigo mbele na mzigo nyuma, alijua kwamba mzigo wa nyuma ukizidi, ncha ya mbele huinuka. Ilimbidi ausogeze mti au apunguze mzigo. Tela nalo ni mzega; bega lake ni ekseli.

Haya, twendeni kwenye jaribio letu. Laza ufito juu ya kigogo, sehemu ya meta moja iwe mbele na nusu meta iwe nyuma. Funga jiwe katikati ya ile sehemu ya mbele. Mwanafunzi mmoja aishike ncha ya mbele kwa kiganja chake. Kiganja hicho ndicho trekta, na kigogo ndicho ekseli. Sasa mwingine atundike kopo la maji kwenye ncha ya nyuma. Wewe uliyeshika, unaonaje? Bila shaka mzigo mkononi mwako umepungua.

Labda utasema, “Vizuri, trekta limepunguziwa kazi!” La, ndugu yangu, usifurahi upesi. Magurudumu ya nyuma ya trekta hushika ardhi kwa sababu ya uzito ulioyakandamiza. Uzito huo ukiondolewa, yatazunguka bure kwenye mchanga wa kiangazi au tope la masika. Na ule uzito haukupotea. Umehamia kwenye ekseli.

Tufanye hesabu. Tuseme kutoka pini ya mbele mpaka ekseli ya tela ni meta 3, na kutoka ekseli mpaka ndoano ya nyuma ni meta 1.5. Gari la maji linakandamiza ndoano kwa kilo 200. Zidisha 200 kwa 1.5, kisha gawanya kwa 3, unapata 100. Basi mbele pamepungua kilo 100, na ekseli imeongezewa kilo 300. Uliweka kilo 200 tu, lakini ekseli, springi na mipira vimeona 300!

Kanuni hii haibadiliki hata kwa malori makubwa, yale ambayo tela lake hulalia bamba la mviringo mgongoni mwa lori. Waingereza huliita bamba hilo gurudumu la tano, kwa kuwa katika magari ya farasi ya zamani lilifanana na gurudumu lililolazwa. Huko Marekani watu huvuta nyumba za safari kwa bamba la namna hiyo, na wengine hutaka kufunga mashua nyuma yake. Hesabu yao ni hii hii yetu.

Sasa, fundi afanyeje? Kwanza, asome uzito ambao tela limeundwa kuuchukua. Kama kuni peke yake zimekwisha kulijaza, jibu ni hapana. Afadhali safari mbili. Pili, asichomelee ndoano kwenye ubao wa nyuma wala kwenye chuma chembamba cha ukingoni. Nguvu ya kuvuta hapana budi ifike kwenye vyuma viwili vikuu vya fremu, kwa chuma cha kukingama kilichofungwa barabara pande zote mbili. Fremu yenye kutu au ufa isifungwe kitu. Tatu, pini iwe na kizuizi ili isiruke, na mnyororo wa akiba ufungwe toka tela mpaka tela.

Nne, ni bora gari la nyuma liwe la magurudumu manne, maana hujibebea uzito wake lenyewe na kuikandamiza ndoano kidogo tu. Kama ni la magurudumu mawili, mzigo uegemee mbele kidogo ya ekseli yake. Ukiegemea nyuma, gari litainua ndoano na kuyumba huku na huku.

Tano, na hili ndilo kubwa: breki. Kupanda mlima, trekta huvuta. Kushuka, matela husukuma. Matela mawili yasiyo na breki yanaweza kulisukuma trekta mpaka tela la kwanza likageuka na kuligonga ubavuni, au trekta likapinduka na dereva chini yake. Kwa hiyo matela yasiyo na breki yasiunganishwe mawili. Tena, waulizeni polisi wa usalama barabarani kama sheria inaruhusu kabla ya kutoka shambani.

Wala mtu asipande juu ya ndoano, wala asisimame kati ya magari wakati trekta linarudi nyuma. Akitaka kutia pini, angoje trekta lisimame kabisa na dereva avute breki ya mkono.

Basi tumrudie mkulima wetu. Fundi mwema atamwambia, “Bwana, lete kwanza tela tupu nilipime.” Akikuta fremu nyembamba au breki hakuna, atakataa kazi, ingawa atakosa fedha za siku ile.

Swali la kufanya nyumbani: ndoano imewekwa meta 2 nyuma ya ekseli, na inakandamizwa kwa kilo 300. Pini ya mbele iko meta 3 kutoka ekseli. Mbele panapungua kilo ngapi, na ekseli inaongezewa ngapi? Mkipata 200 na 500, mmesikiliza vema.