RUBANI WA AKIBA NA MCHAMBUA PAMBA WA BWERA: NANI ANAWATUNZIA NAFASI YA KAZI?



Katika mkutano wa tawi letu uliofanyika Bwera alisimama kijana mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba. Hakuuliza habari za mshahara, wala posho, wala saa za ziada. Aliuliza hivi: "Ndugu viongozi, mimi ni askari wa akiba. Nimefanya kazi misimu mitatu kama kibarua, na sasa nimepewa fomu ya kuomba kazi ya kudumu. Kuna mahali wanauliza kama nina shughuli nyingine inayoweza kuniondoa kazini. Niandike ukweli au ninyamaze?"

Mkutano mzima ulinyamaza. Kisha wengine wakasema, "Nyamaza, ukiandika hupati." Mzee mmoja akajibu, "Andika. Uongo ukigunduliwa utafukuzwa kwa uongo, na chama hakitakuwa na la kukutetea." Sisi viongozi hatukuwa na jibu tayari. Tuliahidi kutafuta, na makala hii ndiyo jibu letu.

MARUBANI WALIULIZA KABLA YETU

Huenda ndugu wa mashambani atashangaa tukianza na marubani. Ndege tunazoziona sisi ni zile ndogo zinazoshuka uwanja wa Kasese na watalii. Lakini swali la kijana wa Bwera ndilo lile lile ambalo marubani wa Marekani wamelibeba kwa miaka mingi, na wao wamelipeleka mpaka mahakamani.

Huko marubani wengi wa mashirika ya ndege ni askari wa akiba vile vile. Wanarusha ndege za abiria siku za kawaida, na jeshi likiwaita wanavaa sare. Kwa desturi askari wa akiba wa kule huenda mazoezini mwisho wa juma mmoja kila mwezi na majuma mawili kila mwaka, na rubani huitwa zaidi ya hapo, kwa sababu mkono wa rubani usipofanya kazi unasahau. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, wengi waliitwa kwa miezi mingi mfululizo.

Sasa tazameni hesabu ya tajiri. Upande mmoja anampenda sana rubani wa jeshi. Serikali imekwisha kumfundisha kwa fedha zake, ana saa nyingi angani, na amezoea nidhamu. Upande wa pili anamwogopa. Anasema: "Huyu nitampangia safari, kesho ataleta barua ya jeshi. Nitamfundisha ndege mpya kwa gharama kubwa, halafu ataondoka." Kwa hiyo tajiri anataka matunda ya jeshi, lakini hataki kulipa bei yake. Bei hiyo angependa mfanyakazi ailipe peke yake.

Hesabu hiyo haiko kwenye ndege tu. Hapa Uganda, kuanzia mwaka 2005, makampuni ya ulinzi yalipeleka Waganda kwa maelfu kulinda kambi za Wamarekani nchini Iraq, na mtu aliyewahi kushika bunduki alikaribishwa. Lakini mtu huyo huyo akienda kuomba kazi kiwandani, karani anauliza: "Wakikuita tena, mashine ataendesha nani?" Ujuzi ule ule ni sifa mlango huu na ni kasoro mlango ule.

WALIVYOJIPATIA KINGA

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda kazi za watu wanaotumikia jeshi. Tunaieleza kwa kifupi.

Kwanza, tajiri haruhusiwi kumnyima mtu kazi, wala kumnyima cheo, wala kumfukuza, kwa sababu ya utumishi wake jeshini. Pili, anayeitwa anarudi kwenye kazi yake, ilimradi muda wote aliokuwa jeshini kwa tajiri yule usizidi miaka 5, ingawa kuna miito mingine isiyohesabiwa. Tatu, harudi kwenye ngazi aliyoiacha, bali kwenye ngazi ambayo angekuwa ameifikia kama asingeondoka. Kwa rubani jambo hili ni kubwa, maana katika mashirika ya ndege tarehe ya kuandikwa kazi ndiyo inayoamua ni nani anapewa ndege kubwa, safari nzuri na likizo ya sikukuu.

Nne, mfanyakazi naye ana wajibu. Lazima amjulishe tajiri mapema anapoitwa, na akimaliza lazima arudi kwa wakati. Aliyetumikia zaidi ya siku 180 ana siku 90 za kuomba kurudi kazini. Ndugu, tukumbuke sehemu hii, kwa sababu haki isiyo na wajibu tajiri ataipindua asubuhi moja.

Je, sheria ilimaliza ubishi? Hapana. Mwezi Januari 2006 serikali ya Marekani yenyewe ililishtaki shirika la American Airlines kwa niaba ya marubani, ikidai kwamba muda wa jeshini ulikuwa unapunguza haki zao za likizo. Rubani mwingine wa akiba alilishtaki shirika la United. Hoja yake ilikuwa rahisi: mnamlipa mfanyakazi anayeitwa kuwa mzee wa baraza mahakamani, mnamlipa mgonjwa, kwa nini mimi ninayeitwa na jeshi kwa siku chache hamnilipi? Mahakama ya kwanza ilimfukuza. Mwezi Februari 2021 mahakama ya rufaa ya Chicago ikasema hoja yake inakubalika kisheria, na kesi irudi isikilizwe.

Kesi inayotugusa zaidi si ya rubani. Ni ya Vincent Staub, fundi wa hospitali moja katika jimbo la Illinois, aliyekuwa askari wa akiba. Wasimamizi wake wawili walichukia siku zake za mazoezi, wakamwandikia makosa, na mwaka 2004 akafukuzwa. Aliyetia sahihi barua alikuwa mkubwa wa ofisini asiye na chuki naye. Machi 1, 2011 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilisema kwamba tajiri hawezi kujificha nyuma ya sahihi ile safi, kama nyapara ndiye aliyetega mtego kwa nia ya kumfukuzisha mtu. Ni nani kati yetu asiyejua nyapara wa namna hiyo?

Uingereza nako kuna sheria ya mwaka 1985 ya kulinda kazi za askari wa akiba. Tena serikali ya huko humsaidia tajiri kwa fedha anapopata gharama za kumtafuta mtu wa kushika nafasi. Hilo ni jambo la haki. Ulinzi wa nchi ni mzigo wa nchi, usiangukie kiwanda kimoja wala mfuko wa kibarua mmoja.

NA SISI TUKO WAPI?

Katika Afrika Mashariki jambo hili si geni. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwezi Oktoba 1978, Tanzania iliita mgambo kwa makumi ya maelfu, watu waliotoka mashambani na makazini. Mwaka 1979 wazee wetu waliwaona wakipita katika nchi hii. Kila mmoja wao alikuwa ameacha jembe, au mashine, au meza ya ukarani.

Kwetu Kasese hatuhitaji kusimuliwa. Novemba 1996 ADF waliingia kupitia Mpondwe, na vijana wa milimani waliandikwa LDU kulinda vijiji vyao. Juni 2023 wauaji walivuka mpaka tena, wakachoma watoto wa shule ya Lhubiriha pale Mpondwe. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya usiku ule hakuna mtu wa Bwera anayeuliza kama walinzi wanahitajika.

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 17, inasema ni wajibu wa kila raia mwenye nguvu kupata mafunzo ya kijeshi anapoitwa. Wajibu umeandikwa. Lakini tukifungua Sheria ya Kazi ya mwaka 2006, orodha ya mambo ambayo tajiri haruhusiwi kumbagulia mtu inataja rangi, jinsia, dini, siasa, ulemavu na mengine, na askari wa akiba hatajwi.

Hata hivyo hatuko uchi. Sheria hiyo inasema kutokuwapo kazini kwa muda usiozidi miezi 3, kwa sababu ya kuaminika, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Inasema lazima mfanyakazi asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa kosa. Inampa aliyefukuzwa bila haki miezi 3 kupeleka malalamiko kwa Ofisa wa Kazi. Na kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo anastahili mkataba wa maandishi. Hiyo ni milango, ndugu. Ni midogo, lakini iko wazi.

KOSA LETU WENYEWE

Tungekuwa wanafiki kama tungemlaumu tajiri peke yake. Kijana yule alipokaa, tulisikia mnong'ono nyuma: "Kumbe ni mtu wa jeshi! Atapeleka maneno yetu." Wilaya hii imeona bunduki nyingi, na woga huo tunauelewa. Lakini mwanachama anayelipa ada, anayebeba marobota ya pamba pamoja nasi, ni mwenzetu. Tukimtenga sisi, tajiri hatakuwa na haja ya kumtenga. Naye akumbuke kwamba katika mkutano wa chama hakuna cheo cha kambini. Sote ni ndugu.

TUNADAI NINI

Katika mazungumzo yajayo ya mapatano ya pamoja, matawi yetu yaweke mezani mambo manne:

1. Asinyimwe mtu kazi kwa sababu ni askari wa akiba.
2. Anayeitwa kwa barua apewe ruhusa ya maandishi, na nafasi yake ishikwe na mtu wa muda mpaka arudi.
3. Muda wa wito uhesabiwe katika miaka yake ya kazi.
4. Mfanyakazi atoe taarifa mara apatapo wito, na alete karatasi anaporudi.

Hayo hayamfilisi tajiri yeyote. Mashine hazisimami mama anapokwenda likizo ya uzazi. Basi hazitasimama kwa askari wa majuma mawili.

JIBU LETU KWA KIJANA

Andika ukweli, kwa sababu umeulizwa. Lakini usiandike peke yako. Weka nakala ya fomu kwa katibu wa tawi. Ukipata wito, mpe msimamizi barua, naye aitie sahihi kuwa ameipokea. Usitegemee maneno ya mlangoni, maana maneno ya mlangoni hayana shahidi.

Tunapoandika haya, kijana amekwisha kurudisha fomu yake, ukweli umo ndani. Ofisini walimwambia, "Tutakuita." Majuma mawili yamepita na hajaitwa. Jumatatu katibu wa tawi na wajumbe wawili watakwenda naye kuuliza. Ndugu mwenye hali kama yake, awe wa kiwandani au wa shamba la kahawa, na alete jina lake tawini kabla ya siku hiyo. Tukienda na jina moja watasema ni shida ya mtu mmoja.