Hamasa Jukwaani si Kupaza Sauti

Anayesubiri zamu ya kuhutubia huku moyo ukimwenda mbio huambiwa atulie. Ushauri huo una kasoro, na utafiti ambao Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard aliuchapisha mwaka 2014 unaionyesha. Kabla ya kuhutubia, baadhi ya washiriki walitamka kwamba wametulia, wengine kwamba wana msisimko. Hawa wa pili walizungumza kwa muda mrefu zaidi, na waliowapima waliwaona kuwa na ushawishi mkubwa zaidi. Hofu na shauku zote huuamsha mwili. Kuupoza mwili uliokwisha kuamka ni kazi ngumu kuliko kuigeuza hofu iwe shauku.

Hata hivyo, shauku iliyobaki moyoni haimfikii msikilizaji. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba wahutubiaji hudhani wasiwasi wao unaonekana wazi, kumbe hadhira huuona kidogo tu. Kwa mwoga hiyo ni faraja. Nadhani kwa mwenye shauku ni onyo: huenda naye anaamini mapenzi yake kwa mada yanaonekana, ilhali watu wanasikia sauti bapa. Dawa inayokimbiliwa kwenye majukwaa yetu ni kufoka, kuanzia “itifaki imezingatiwa” hadi “asanteni kwa kunisikiliza”. Lakini sikio huzoea upesi sauti isiyobadilika, iwe ya chini au ya juu, na likishazoea halitofautishi tena kubwa na dogo. Hamasa husikika penye mabadiliko: kasi inayopungua kwenye jambo zito, kimya kifupi kabla ya hoja, sentensi inayofupishwa makusudi. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, Novemba 1978, alijenga hoja juu ya mambo matatu, uwezo, sababu na nia, kwa sentensi fupi za muundo mmoja. Uzito ulikuwa katika mpangilio huo, na ndiyo maana Watanzania wengi bado wanazikumbuka.

Kuna pingamizi zito. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walimpandisha mwigizaji Michael Fox mbele ya wataalamu wa afya ya akili na elimu, akajulishwa kwao kama Dakta Myron Fox. Mhadhara wake ulikuwa na bashasha tele na maana karibu sifuri, lakini wasikilizaji wakampa alama nzuri. Basi hamasa si hila? Inaweza kuwa hila, na historia ya siasa haina upungufu wa mifano. Lakini kusinzisha watu hakuufanyi uongo kuwa kweli. Jaribio lile linatufundisha kutochukua makofi kama ushahidi wa kuelewa. Pia linatupa kipimo: msemaji aweze kueleza kwa nini amechangamka hapa na si pale. Fox asingekuwa na jibu, kwa sababu hakuna sehemu ya mhadhara wake iliyokuwa na uzito kuliko nyingine.

Kwa kipimo hicho, mweka hazina wa SACCOS anayesoma taarifa ya mapato na matumizi hahitaji kuigiza mshereheshaji wa harusi. Atafute mstari mmoja unaowagusa wanachama, tuseme mikopo isiyorejeshwa. Iliyobaki aisome kwa mwendo wa kawaida. Akifika kwenye mstari huo, ainue macho kutoka kwenye karatasi, autaje polepole, kisha anyamaze kidogo kabla ya kueleza maana yake kwa gawio lao.