Lusanga: galerie yenye bei yake iko nje, kwenye bustani

Kwa mwenye kuishi Kasha, fasi ya wazi ni kitu cha bei kali. Parseli zimebanana kwenye mlima, watoto wanacheza mpira kando ya barabara, na papa akirudi toka kwenye mashimo, atakaa wapi na wenzake kama si kwenye buvette? Tukisikia «galerie d'art» tunawaza nyumba ya wenye makuta: picha ukutani, sentinele mlangoni. Lakini hapa kwetu Kongo kuko galerie moja ambayo bei yake iko nje, kwenye udongo unaoizunguka. Wenyewe ni wafanyakazi wa shamba, na habari yao inagusa kila nyumba ya mchimbaji.

Iko Lusanga, jimbo la Kwilu. Zamani paliitwa Leverville, jina la William Lever, Muingereza wa sabuni, ambaye Wabelgiji walimpa ardhi kubwa ya michikichi mwaka 1911. Watu walikata ngazi kwa kulazimishwa. Mwaka 1931 Wapende waliasi. Ajenti Mbelgiji Maximilien Balot akauawa, kisha askari wakaua watu kwa mamia. Kampuni ya Lever ikaingia ndani ya Unilever. Mafuta yaliondoka, faida iliondoka, udongo ukabaki umechoka. Na toka 2000 mpaka 2012, Unilever hiyo njo ilikuwa inalipia maonyesho makubwa ya sanaa ndani ya Tate Modern, kule London. Mwenye kuchimba dhahabu ao koltani hana lazima ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 2014, wafanyakazi wa mashamba waliunda chama chao, CATPC, pamoja na msanii Mholanzi Renzo Martens. Prezida wake ni René Ngongo, mtoto wa Goma, mtu wa kutetea misitu, aliyepewa zawadi ya Right Livelihood mwaka 2009. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa kwao. Kila sanamu inapigwa picha kwa mashine, umbo lake linatumwa Amsterdam, na kule linatengenezwa tena kwa kakao na mafuta ya mawese: mazao yaleyale yaliyowachosha babu zao. Mwaka 2017 sanamu hizo zilionyeshwa New York, na zikauzwa.

Makuta yalienda wapi? Hapa njo pa kusimama kidogo. Yalirudi Lusanga kununua ardhi. Leo wanahesabu karibu hektari 200. Pale ambapo michikichi ilikuwa peke yake, sasa wanapanda chakula, kakao na miti mbalimbali, ili msitu urudi na nyumba zipate cha kupika. Katikati, Aprili 2017, walifungua nyumba nyeupe ya maonyesho, White Cube. Mwaka 2024 ilipokea sanamu ya Balot, iliyochongwa wakati wa uasi ule, kwa mkopo toka jumba la Virginia, Marekani. Mwaka uleule, kazi za CATPC zilikuwa kwenye nyumba ya Uholanzi katika maonyesho ya Venice.

Wako wenye kuuliza: nyumba nyeupe katikati ya watu wenye njaa ni ya nini? Ulizo ni la haki. Tena inauma kununua kwa makuta udongo wa babu yako mwenyewe. Lakini ukuta mweupe peke yake haukulisha mtu. Wenye kulisha ni bustani, na bustani ilipatikana kwa kuwa watu walikubaliana mapema kwamba faida itarudi kwenye udongo, haitaishia mfukoni mwa mmoja.

Sisi huku tunajua shimo likitoa: pedeje anachukua yake, négociant yake, inayobaki ni minervali ya watoto na deni la duka. Shimo likiisha, kijana anahamia lingine, na nyumbani hakuna kilichoota. Kasha haina hektari 200. Lakini kwenye avenue nyingi kungali kipande ambacho hakijauzwa, chini ya mti ao kando ya kanisa. Kabla ya kukikata parseli ingine, wazazi wakae waulizane: watoto wetu watakutana wapi kesho, na sisi tukizeeka, tutakaa wapi?