Mume, Mke na Ndoana: Safari ya Kampi ya Samaki

Hebu jiulize: mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kutoka Nairobi pamoja, mlikuwa mkienda wapi? Kwa wengi wetu tunaoishi Buruburu, Umoja, Jericho, Kayole na Dandora, jibu ni moja kati ya mawili. Ama mlikuwa mkienda mashambani kwa Krismasi, mmebeba sukari na mikate ya wazee, au mlikuwa ndani ya basi la matanga. Safari ya kwenda kupumzika tu, mume na mke, huonekana kuwa mambo ya watalii.

Wikendi ikifika, baba hutoka na marafiki zake. Mama hubaki na nguo za kufua na mitungi ya maji ya kujaza. Miaka hupita hivyo hivyo. Watoto wakishakua na kuondoka, wawili hao hugundua kwamba wamekaa nyumba moja kama wapangaji, hawana la kuzungumza ila karo na kodi ya nyumba.

Safari ya siku tatu haiwezi kuponya ndoa iliyooza. Lakini kuketi wawili kando ya maji, kila mmoja ameshika mshipi wake, huwapa watu nafasi ya kusema yale ambayo jikoni hayasemeki. Na mahali pa kufanya hivyo hapako mbali sana.

Njia yenyewe

Kama mna gari, ondokeni alfajiri kabla barabara ya Jogoo haijajaa. Wasio na gari watapanda matatu hadi Nakuru, kisha nyingine ya Marigat. Mkipita Limuru mtachagua kati ya njia mbili. Ya juu hupitia Kinungi. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, jina ambalo kwa Kikikuyu ni maji moto. Kando ya barabara hiyo kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na Waitaliano waliokuwa mateka wa vita. Malori ni mengi huko na mteremko ni mkali, kwa hivyo dereva asiwe na haraka. Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, utakuwa mkono wenu wa kushoto.

Baada ya kilomita 90 hivi mtafika Naivasha. Wenye siku mbili tu wapige kambi hapo. Wenye siku tatu au nne waendelee hadi Nakuru, wageuke kuelekea kaskazini, wavuke ikweta karibu na Mogotio, wapite Marigat na kufika Ziwa Baringo. Mji ulio ufuoni mwa ziwa hilo unaitwa Kampi ya Samaki. Kutoka Nairobi hadi hapo ni yapata kilomita 280.

Samaki wenyewe

Katika njia hii mtapita karibu na maziwa ya Elementaita, Nakuru na Bogoria, lakini hayo ni ya magadi. Maji ya Naivasha na Baringo ni baridi, yasiyo na chumvi, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka katika maziwa hayo. Siri ni kwamba maji hupenya chini kwa chini kupitia miamba na kuondoka na chumvi.

Naivasha ni ziwa la wageni. Samaki wanaoitwa bass waliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920 ili watu wavue kwa kujifurahisha. Kamba wekundu, ambao asili yao ni Louisiana, waliingizwa mwaka wa 1970. Mwaka wa 2001 samaki walikuwa wamepungua mno hata serikali ikasimamisha uvuvi kwa mwaka mmoja. Kumbukeni hilo mkinasa kichanga: mrudisheni majini.

Baringo kuna ngege, kambare na kamongo, ambaye alifika huko katika miaka ya 1970. Watazameni wavuvi wa Il Chamus katika mitumbwi yao midogo iliyofungwa kwa miti myepesi. Ukitaka kujua chambo gani kinafaa, waulize hao.

Yasiyo na mzaha

Kwanza, uvuvi una sheria. Piteni ofisi ya uvuvi iliyo karibu mwombe kibali kabla ya kutupa ndoana.

Pili, kiboko. Usiku hutoka majini kula majani, na ole wake atakayesimama kati yake na ziwa. Pigeni hema mahali palipotengwa kwa kambi, mbali na ukingo, wala msitoke gizani bila tochi na bila kujua kilicho nje. Baringo kuna mamba pia, kwa hivyo kuoga au kuosha vyombo ziwani ni kucheza na maisha.

Tatu, pigeni simu mbele. Baringo lilifurika sana kufikia mwaka wa 2020, likameza kambi, hoteli na shule. Mahali ambapo rafiki yako alilala zamani huenda sasa ni nyumba ya samaki. Sehemu nyingine za kaunti hiyo zimewahi kukumbwa na wezi wa mifugo. Ulizeni hali ya usalama kabla ya kuondoka, na msisafiri usiku.

Nne, huko ni joto na mbu ni wengi. Muoneni daktari kuhusu dawa ya kukinga malaria, na mbebe chandarua.

Mizigo na jiko

Msidhani lazima mwingie duka la watalii. Zungukeni Gikomba mtafute mablanketi na hema la mitumba, lakini lifungueni lote mhakikishe halina tundu na vyuma vyake vimetimia. Jiko dogo na sufuria zipo Kamukunji. Ongezeni chumvi, ndimu, unga na kisu kikali cha kuparia magamba.

Sasa swali gumu: nani atapika? Baba, ukimpeleka mkeo kilomita 280 ili akasonge ugali huku wewe umenyoosha miguu, hujampeleka mapumzikoni. Umehamisha jikoni kwenu. Washa moto wewe, para samaki wewe, yeye ashike mshipi. Nawe mama, usimcheke ugali ukiwa na mabuje.

Hapana shaka fedha ni shida. Anzeni na mkebe mmoja, kila mmoja atie kidogo kila wiki bila kuulizwa. Kisha chagueni tarehe na kuiandika kwenye kalenda ukutani, pale pale mnapoandika siku ya karo. Tarehe isiyoandikwa humezwa na matanga ya jirani.