Ilimba, Piano na Umeme

Wageni kutoka Ulaya walipoikuta ilimba waliiita "piano ya vidole gumba". Jina hilo lapotosha kidogo. Katika piano, nyundo hupiga nyuzi za chuma zilizokazwa pande zote mbili, ilhali katika ilimba kidole hubonyeza na kuachia ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja tu. Tofauti hiyo yaweza kuonyeshwa darasani kwa rula ya chuma iliyobanwa kwenye ukingo wa meza. Sehemu iliyo nje ikifupishwa ikawa nusu, idadi ya mitetemo kwa sekunde huongezeka mara nne. Uzi wa piano ukifupishwa vivyo hivyo, bila kubadilisha mkazo wake, mitetemo huongezeka mara mbili.

Ilimba ni ala ya Wagogo wa Dodoma, lakini watu wa Zinga na vijiji vingine vilivyo kando ya njia ya Bagamoyo wameisikia kwa miaka mingi. Fundi wake mashuhuri, Hukwe Zawose, alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ilitoka albamu iitwayo Assembly, ambamo uimbaji na ilimba yake vilichanganywa na magitaa na mitambo ya elektroniki ya mtunzi wa Kanada, Michael Brook. Mwanawe, Msafiri Zawose, aliendeleza mchanganyiko wa namna hiyo katika albamu Uhamiaji ya mwaka 2017.

Kwa nini sauti hizo zikubaliane? Sababu moja ni muda. Ulimi wa ilimba huanza kwa mlio mkali, kisha nguvu yake huisha upesi. Ndiyo maana baadhi ya ilimba kubwa huwa na ndimi zisizoguswa kabisa, ambazo hutetema zenyewe kwa kuitikia ndimi za jirani. Mitambo ya umeme, kinyume chake, yaweza kudumisha sauti kwa muda wowote. Brook mwenyewe alibuni gitaa ambalo mtetemo wa uzi hubadilishwa kuwa umeme, ukakuzwa, kisha ukarudishwa kuusukuma uzi uleule ili usinyamaze. Ilimba hutoa mapigo, na gitaa la aina hiyo huweza kutandika sauti ndefu chini yake.

Ugumu uko katika ulinganifu wa sauti. Uzi mmoja ukilia hutoa sauti ya msingi pamoja na nyingine zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Ikiwa ya msingi ni herzi 100, ya nne ni herzi 400, ya saba ni 700 na ya tisa ni 900. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki kutoka Austria, alionyesha kwamba sauti za muziki wa Wagogo zinatokana na ngazi hii ya asili, kuanzia ile ya nne kwenda juu. Piano ya leo hulinganishwa kwa njia nyingine, yaani oktava hugawanywa katika hatua 12 zilizo sawa. Tukianza na herzi 400, sauti ya piano iliyo karibu zaidi na 700 ni 712.7. Zikilia pamoja, ukubwa wa sauti hupanda na kushuka mara 13 hivi kwa sekunde, na sikio husikia mkwaruzo. Fundi wa studio asiyejua asili ya tofauti hiyo huenda akaamua kwamba ilimba ndiyo iliyokosea, akaomba ndimi zisogezwe zifuate kinanda chake. Ulimi ukisogezwa, kipimo cha mwalimu aliyeulinganisha hutoweka, nacho kwa kawaida hakikuandikwa popote.

Hapa mitambo ya elektroniki ina faida ambayo piano haina. Kulinganisha upya piano yenye nyuzi zaidi ya 200 ni kazi ya saa nyingi. Sinthesaiza nyingi hupokea vipimo vipya kwa tarakimu chache, hata herzi 700 kamili. Kabla ya hapo ilimba yenyewe sharti ipimwe. Simu ya mkononi yenye programu ya kupimia sauti yatosha: kila ulimi hupigwa peke yake mahali patulivu, mara tatu au nne, na herzi zake huandikwa daftarini pamoja na jina la aliyeitengeneza ala hiyo.