Umeme ukikatika goli 2 kwa 1, nani ameshinda? Sheria za michezo ya video na haki ya mchezaji

Masisi-centre, Rubaya, Nyabiondo, Walikale-centre: kila mahali penye sola ao jenereta, televizyo moja na mashini ya PlayStation, utakuta vijana wamejaa chumbani wakicheza mpira. Anayeshindwa anatoka, mwingine anaingia. Mara mingi wanawekeana pia feza: kila mmoja anatoa franka kidogo, mshindi anabeba zote. Hapo ndipo maneno inaanzia. Mmoja amesimamisha mchezo wakati mwenzake anataka kupiga goli. Mwingine anasema maneti yake, kile chombo cha kushika mkononi, kitufe kimoja hakifanye kazi. Ao jenereta inazimika ikiwa goli 2 kwa 1, dakika ya 70, na kila mtu anataka feza yake.

Nani anaamua? Kwa sehemu kubwa, anaamua mwenye sauti kubwa, ao mwenye marafiki wengi mule chumbani. Katika habari hii tunaeleza namna michezo ya video ya watu wa kazi, ile inayoitwa e-sporti, inavyojibu ulizo hilo, na kitu gani tunaweza kuchukua huko kwa ajili ya vyumba vyetu.

E-sporti ni kitu gani?

Ni mashindano ya michezo ya video yenye ekipe, mikataba, waamuzi na zawadi, sawa vile mpira wa miguu. Kuna wanaocheza mpira wa video, kuna wanaocheza ngumi kama Tekken, kuna wanaocheza vita vya bunduki kama Counter-Strike. Feza yake si ya kuchezea: kombe la dunia la e-sporti lililofanyika Riyadh, Saudi Arabia, mwaka 2024, lilitoa zawadi za zaidi ya dola milioni 60 kwa michezo yote pamoja.

Si mambo ya Ulaya na Asia peke yake. Jirani yetu Kenya yuko Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, mchezaji wa Tekken. Mwaka 2018 alitia saini mkataba na ekipe ya XiT Gaming, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuingia ekipe ya kimataifa ya e-sporti. Alikuwa akisomea sheria wakati huo huo.

Mahali feza inaingia, udanganyifu nao unataka kuingia. Ndiyo maana e-sporti imelazimika kuweka sheria kali.

Sheria haiangalie ukubwa wa jina

Kabla ya kufika mbali, tukumbuke jambo la kwetu. Mwaka 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilifika fainali ya kombe la dunia la vilabu kule Abu Dhabi, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Ilikuwa imebeba ligi ya mabingwa ya Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Mwaka 2011 ikakutana na Simba ya Dar es Salaam, ikaipiga nyumbani na ugenini. Lakini Simba ililalamika kwa CAF: Mazembe ilimchezesha Janvier Besala Bokungu wakati mambo ya mkataba wake na Espérance ya Tunis hayajamalizika. CAF ikachunguza, ikaiondoa Mazembe kwenye mashindano, bingwa mtetezi! Simba ikapewa nafasi ya kucheza na Wydad ya Casablanca mjini Cairo, ikapigwa 3 kwa 0.

Wakongomani wengi waliumia sana. Lakini angalia mambo matatu hapo. Sheria ilikuwa imeandikwa mbele ya mechi. Aliyeshindwa alilalamika kwa karatasi, hakulalamika kwa mawe. Na aliyeamua hakuwa Simba wala Mazembe. Hayo matatu ndiyo nguzo za sheria yoyote ya mchezo, uwe wa uwanjani ao wa televizyo.

Udanganyifu wa chombo

Kwenye e-sporti, namna ya kwanza ya kudanganya ni kutumia programu ya siri. Kwa mfano, programu inayolenga shabaha kwa nafasi yako, ao inayokuonyesha adui nyuma ya ukuta.

Mwezi wa 10 mwaka 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike mjini Shanghai, China, mchezaji mmoja wa ekipe ya OpTic India alikamatwa na programu kama hiyo ndani ya kompyuta. Aliificha kwa jina la programu ya kawaida ya kuandikia barua. Mwamuzi alipokuja kuangalia, mchezaji akajaribu kuifuta mbele yake. Ekipe yote ikatolewa mashindanoni, kisha ikavunjwa. Yeye mwenyewe akafungiwa miaka 5. Wenzake wane ambao hawakukamatwa na kitu walipoteza kazi juu ya mtu mmoja.

Kuna namna nyingine, ya kimya zaidi. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba mchezo wa Counter-Strike ulikuwa na kasoro: kocha aliweza kubaki akiangalia sehemu ya uwanja asiyopaswa kuiona, na hivyo kujua adui amejificha wapi. Makocha hawakutengeneza hiyo kasoro. Wengine ilijitokeza tu mbele yao. Lakini waliiona wakanyamaza, na wengine wakaitumia mara nyingi. Uchunguzi ulipekua rekodi za mechi za miaka ya nyuma, na makocha 37 wakapewa adhabu, kuanzia karibu miezi 4 hadi miezi 36. Waliokubali kosa mapema na kusaidia uchunguzi walipunguziwa.

Fundisho la hapo ni kubwa. Kuona kosa linalokufaidia na kunyamaza, nayo ni kudanganya. Kijana anayejua kwamba maneti ya upande wa kushoto imeharibika, akakimbilia ile ya kuume bila kusema neno, yuko kwenye fungu hilo hilo.

Udanganyifu wa feza

Namna ya pili ni kuuza mechi. Mwaka 2014, ekipe ya Marekani iliyoitwa iBUYPOWER, moja ya ekipe kali za nchi ile, ilishindwa na ekipe ndogo kwa namna iliyoshangaza watu. Baadaye ikajulikana kwamba walijiachia kwa makusudi, na watu wa karibu yao walikuwa wamecheza dau upande wa pili. Mwezi wa kwanza mwaka 2015, kampuni ya Valve, yenye mchezo huo, iliwafungia watu 7 kwenye mashindano inayoyasimamia. Mwaka uliofuata ikasema kifungo hicho hakina mwisho.

Walikuwa vijana. Watu wengi walisema adhabu imezidi. Mwaka 2017, ESL, waandaaji wengine wa mashindano, waliwafungulia tena mlango upande wao, lakini Valve haikubadilika. Mpaka leo watu wanabishana: je, kijana aliyekosa mara moja afungiwe maisha? Hakuna jibu rahisi. Lakini wote wanakubaliana juu ya jambo moja: mchezo ambao mshindi anajulikana mbele si mchezo tena, na anayeangalia anaibiwa.

Jambo hili linagusa vyumba vyetu moja kwa moja. Wanapocheza wawili na feza inawekwa na kumi walioko nyuma yao, wale wawili wanaweza kupatana. Na wale kumi wakijua, haitaishia kwenye televizyo.

Mdomo nao una sheria

Mwisho wa mechi, wachezaji wa e-sporti wanaandikiana herufi mbili, GG, maana yake mchezo ulikuwa mzuri. Ni sawa na kupeana mkono. Anayekataa hafukuzwe, lakini watu wanamuona. Matusi, vitisho na maneno ya kabila ao ya rangi ya mtu ni jambo lingine: hayo yana adhabu.

Kwenye mpira wa video wa FIFA kulikuwa na mchezaji mmoja wa Malta, Kurt0411, hodari na mwenye mashabiki wengi. Alikuwa akiirushia maneno makali kampuni ya EA, yenye kutengeneza mchezo huo, pamoja na watumishi wake. Mwezi wa 11 mwaka 2019 EA ilimfungia mashindano yake. Mwezi wa 2 mwaka 2020, ikisema vitisho na matusi vinaendelea, ikamfungia michezo yake yote. Kipaji hakikumuokoa.

Na mwamuzi naye, nani anamuangalia?

Hapa kuna ugumu. Mpira wa miguu hauna mwenyewe: hakuna kampuni inayoweza kusema mpira ni mali yangu. Mchezo wa video una mwenyewe. Kampuni inayoutengeneza ndiyo inaandika sheria, ndiyo inauza, na mara mingi ndiyo inahukumu.

Mwezi wa 10 mwaka 2019, mchezaji wa Hong Kong anayeitwa Blitzchung, baada ya kushinda mechi ya Hearthstone, alitoa kauli hewani ya kuunga mkono maandamano ya kwao. Kampuni ya Blizzard ikamfungia mwaka mzima na kumnyima zawadi. Watu duniani walipiga kelele sana, wakiuliza kama kampuni imelinda sheria ao imelinda soko lake la China. Ndani ya siku chache, kifungo kikapunguzwa kuwa miezi 6 na zawadi ikarudishwa.

Sheria aliyohukumiwa nayo ilikuwa pana sana: ilisema mchezaji asifanye jambo litakaloharibu jina lake ao kuudhi sehemu ya watu. Sheria ya namna hiyo inaweza kumkamata mtu yeyote. Mwaka 2016 iliundwa ESIC, chombo kinachosimama kando ya kampuni na ekipe ili kuchunguza udanganyifu. Ndicho kilichotoa adhabu kwa wale makocha 37. Hakina nguvu kwa kila mchezo, kinafanya kazi kwa wale waliokikubali. Lakini wazo lake ni zuri: anayehukumu asiwe na feza mezani.

Na sisi Masisi na Walikale?

Hatuhitaji ESIC kwa chumba chenye televizyo moja. Tunahitaji karatasi moja ukutani. Mambo haya yanatosha kuanzia:

Kwanza, umeme. Sheria za mashindano mengi ya mpira wa video zinasema hivi: mechi ikikatika bila kosa la mtu, magoli yaliyopatikana yanabaki, na dakika zilizobaki ndizo zinachezwa. Ilikuwa 2 kwa 1 dakika ya 70? Mnaanza mechi mpya mkihesabu 2 kwa 1, mnacheza dakika 20 za saa ya mchezo. Umeme usiporudi siku ile, kila mmoja anarudishiwa feza yake. Na aliyechomoa waya kwa makusudi ameshindwa.

Pili, kusimamisha mchezo. Inaruhusiwa mpira ukiwa umetoka nje tu. Ukisimamisha mwenzako akiwa anashambulia, mara ya kwanza ni onyo, mara ya pili ni goli kwa mwenzako.

Tatu, maneti zinajaribiwa mbele ya wote, mbele ya kuanza, na sarafu inarushwa kuchagua. Mechi ikishaanza, hakuna kulalamikia chombo, isipokuwa kikiharibika mbele ya macho ya wote.

Nne, mwamuzi. Awe mtu ambaye hachezi na hakuweka feza siku ile. Mwenye chumba anaweza kuwa mwamuzi, lakini akiwa ana sehemu kwenye dau, hafai.

Tano, matusi. Mchezaji ao shabiki atakayetaja kabila ya mtu, kijiji chake, ao mama yake, anatoka nje, hata akiwa anaongoza 5 kwa 0. Wasichana wanaokuja kucheza nao wanalindwa na sheria hiyo hiyo.

Sita, malalamiko. Yanasemwa kwa mwamuzi, na mtu mmoja, si kwa kikundi. Mwamuzi akishaamua, mechi imeisha.

Mtu anaweza kusema: kwa nini sheria nyingi kwa mchezo wa watoto? Jibu liko kwenye hali yetu. Vita vya mwaka 2025 vilifika Masisi-centre mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa 3. Familia zilikimbia, zingine zimerudi, zingine zinaishi kwa wenyeji. Kwenye vyumba hivi wanakaa pamoja vijana wa vijiji mbalimbali na kabila mbalimbali, wengi wao hawana masomo wala kazi. Ngumi ya franka 1.000 kati ya watu wawili inaweza kufika jioni ikiwa jambo la mtaa na mtaa.

Lakini chumba hicho hicho kinaweza kuwa mahali ambapo kijana mdogo, asiye na kaka mkubwa wala marafiki wengi, anapewa ushindi wake kwa sababu karatasi ya ukutani inasema ni wake. Kwa vijana wengi wa kwetu, hicho ni kitu ambacho hawajakiona mara mingi.

Wenye vyumba vya michezo, andikeni karatasi yenu leo, kwa Kiswahili ambacho kila mteja anaelewa. Isomeni kwa sauti mbele ya mechi ya kwanza, kwa sababu sheria inayotafutwa baada ya ugomvi kila mtu anaivutia kwake.